Macho mekundu, au kriminolojia ni ya nini?

Najua nimeadimika, na wengine mmeshaanza kuulizana kama nimedisko. Sijadisko jamani. Nilikuwa Geita kwenye mazoezi ya kufundisha, na niliporudi Mlimani nikakuta kazi za semina zimejipanga kama wadai mlangoni. Bumu nalo mnajua lilivyo. Leo nimeamua kazi za watu zisubiri kidogo, niandike ya kwangu.

Chanzo ni mwenzangu wa chumba. Yeye anasoma sosholojia, na muhula huu amechukua kozi ya kriminolojia, yaani elimu ya uhalifu. Mimi wa ualimu, Historia na Kiswahili, nikamcheka. Nikamwambia hiyo si wangeipeleka chuo cha polisi tu, wewe inakusaidia nini? Akaniangalia juu hadi chini. "Wewe Msukuma, mtu wa Shinyanga, ndiye unayeuliza uhalifu unachunguzwa wa nini?"

Nikanuna. Ila swali halikutoka kichwani, kwa sababu kuna kitu kilinitokea huko Geita ambacho sikumwambia mtu.

Nilikuwa nafundisha kidato cha pili, habari za utawala wa kikoloni. Katika kutoa mifano ya sheria za Waingereza nikataja Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928, ambayo mpaka leo tunayo. Kijana mmoja wa nyuma, mpole tu, si mtukutu, akanyoosha mkono: "Mwalimu, sheria ya nini wakati mchawi anajulikana kwa macho?" Darasa likacheka. Halikumcheka yeye, lilicheka kwa kukubaliana naye, kama mtu kasema jua linachomoza mashariki. Macho mekundu, wote wanajua.

Bibi yangu mzaa mama yuko Kishapu, na macho yake ni mekundu. Nilichofanya ni kugeukia ubao nikasema "tuendelee". Mwalimu mtarajiwa, siku ambayo alitakiwa kufundisha, akaandika tarehe ubaoni.

Basi niliporudi nikaingia maktaba, nikianza na hilo swali la mwenzangu. Nikakuta kumbe kriminolojia yenyewe ilianzia pale pale alipoanzia yule kijana wangu. Ilianzia kwenye sura.

Mwaka 1876 daktari mmoja wa Kiitalia, Cesare Lombroso, alitoa kitabu akidai kwamba wako watu wanaozaliwa wahalifu na unaweza kuwatambua kwa maumbile: taya kubwa, masikio yaliyochomoza, paji la uso lililolala. Alipima mafuvu ya wafungwa, akapima mikono, akaangalia na chale za mwilini. Dunia iliyosoma ikampigia makofi. Jina lenyewe la kriminolojia lilikuja kupata umaarufu baadaye kidogo, kwa kitabu cha Mwitalia mwenzake Raffaele Garofalo cha mwaka 1885. Kwa hiyo wale wanaosema Usukumani watu ni washamba kwa sababu wanamtambua mchawi kwa macho, wakumbuke kwamba huko Ulaya maprofesa walimtambua mwizi kwa masikio, na waliandika vitabu.

Aliyemwangusha Lombroso hakutumia maneno makali, alihesabu. Daktari wa magereza ya Uingereza, Charles Goring, alipima wafungwa wapatao 3,000 akawalinganisha na watu wasio wafungwa, na mwaka 1913 akatoa majibu: hiyo sura ya mhalifu haipo. Ukiwaangalia wafungwa peke yao utaona masikio makubwa mengi tu. Ukiwaweka pembeni ya wanafunzi na askari, unakuta masikio ni yale yale. Kwangu mimi hapo ndipo somo hili lilipozaliwa kweli, 1913 na siyo 1876. Baada yake wakaja Wamarekani wa Chicago, Shaw na McKay (kitabu chao ni cha 1942), wakaonyesha kwamba kuna mitaa inabaki na uhalifu mwingi hata wakazi wakihama wote na kuja wageni wa asili nyingine. Swali likahama kutoka "nani" kwenda "wapi, lini, na kwa nini".

Sasa turudi nyumbani.

Mauaji ya vikongwe Usukumani si jambo jipya. Ralph Tanner, aliyewahi kuwa ofisa wa serikali ya kikoloni huko huko, alitoa kijitabu mwaka 1970 kuhusu mauaji hayo, katika mfululizo wa maandiko juu ya uhalifu Afrika Mashariki. Kwa hiyo uchunguzi wa aina hii kwetu una zaidi ya miaka 50, sikuwa najua. Ila aliyenishika zaidi ni Simeon Mesaki, aliyekuwa mwalimu hapa hapa Mlimani, ambaye shahada yake ya uzamivu ya mwaka 1993 ilikuwa juu ya mauaji haya. Anaeleza kwamba zamani mtu akituhumiwa, mambo yaliishia kwa mtemi, na adhabu mara nyingi ilikuwa kuhamishwa. Waingereza wakaleta sheria ambayo kwa mwanakijiji ilionekana kama inamlinda mchawi. Mwaka 1963 utemi ukafutwa. Halafu ikaja Operesheni Vijiji, 1974, watu waliozoea kuishi kaya mbalimbali wakasogezwa wakakaa pua kwa pua. Mtoto wa jirani akifa kwa homa, sasa unamwona kila siku yule unayemshuku.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 iliundwa kamati chini ya Mama Gertrude Mongella kuchunguza. Hesabu iliyotoka inatisha: kati ya 1970 na 1984, Tanzania Bara, watu 3,693 waliuawa kwa sababu za uchawi, wanaume 1,407 na wanawake 2,286. Zaidi ya nusu ni Mwanza na Shinyanga. Nilipoisoma hiyo nikafunga kitabu nikatoka nje kupunga upepo.

Lakini kabla ya kamati kuhesabu, serikali ilishajaribu njia nyingine. Mwaka 1976 vyombo vya usalama viliendesha operesheni Mwanza na Shinyanga kukomesha mauaji. Walikamata mamia ya watu. Wakataka majina: nani kaua, nani kamtuma, taja. Watuhumiwa waliteswa, na wengine walifia mikononi mwa waliokuwa wakiwahoji. Habari ilipomfikia Mwalimu Nyerere, Januari 1977 Waziri wa Mambo ya Ndani, Ali Hassan Mwinyi, alijiuzulu ingawa hakumgusa mtu kwa mkono wake, na wakubwa wengine wakaondoka pamoja naye. Maofisa kadhaa walifikishwa mahakamani na wengine wakafungwa. Mzee Mwinyi sote tunamkumbuka kwa kule kujiuzulu, tunamsifu mpaka leo, na ni haki yake. Ila angalia tunachokumbuka na tunachosahau. Tunamkumbuka waziri. Wale waliofia lokapu nani anawataja? Na vikongwe waliendelea kuuawa.

Hesabu mwenyewe. Lombroso 1876, Shinyanga 1976. Miaka 100 kamili, na bado tunamtafuta mtu mbaya ili tumbane aseme.

Mwaka 1981 hadi 1982 ikazuka Sungusungu, kuanzia maeneo ya Kahama mpakani na Tabora. Hii wengi mnaijua kwa jina tu, au mnadhani ni ulinzi wa mtaani wa kuzunguka na filimbi. Vita ya Kagera ilikuwa imeisha 1979, silaha zilizagaa, ng'ombe wakawa wanachukuliwa mchana kweupe, na polisi wako kilometa mia. Wanakijiji wakajipanga wenyewe kwa pinde na mishale, wakajiita basalama, watu wa amani, wakachagua ntemi wao na katikiro wa kuandika. (Serikali ilifuta watemi 1963, wananchi wakawarudisha kwa mlango wa nyuma baada ya miaka 18. Mtu wa historia lazima acheke hapo.) Wizi wa ng'ombe ulipungua kweli, wazee wote wa Kahama watakuambia. Ray Abrahams wa Cambridge aliandika juu yao mwaka 1987, na Sufian Bukurura, Mtanzania, akaandika kwa undani zaidi miaka ya 1990. Nyerere na chama wakawakingia kifua, na mwaka 1989 sheria ya mgambo ikarekebishwa ili watambulike. Lakini basalama hao hao, hasa mwanzoni, waliwaandama na wanawake waliosemwa ni wachawi. Walikuwa wazuri kwa mwizi kwa sababu mwizi ana ng'ombe mkononi. Kwa mchawi hakuna ng'ombe, kuna macho tu.

Nimekulia Kahama mjini. Baba alikuwa na hisa kwenye duara huko Nyarugusu, upande wa Geita, kwa hiyo mambo ya dhahabu nimeyasikia tangu utotoni: duara linatema, duara limekauka, fulani kapata, fulani kafukiwa. Na neno lingine tulilisikia, ndagu, ila lilisemwa kwa sauti ya chini. Mtu akitajirika ghafla, wenzake hawasemi kapata mwamba mzuri. Wanasema kafanya ndagu.

Darasa la tatu nilikaa deski moja na msichana mwenye ualbino. Tulikuwa tunagombania kivuli, maana dirisha lilikuwa upande wake na jua likimfikia lazima tubadilishane. Siku moja hakuja. Wakasema wazazi wamempeleka Buhangija, Shinyanga, shule ambayo watoto wenye ualbino walikusanywa ili wasiuawe. Mimi kwa akili ya kitoto niliuliza nyumbani: amefanya kosa gani? Kwa sababu nilichoelewa ni kwamba kuna ukuta, kuna askari, na mtoto hatoki. Baba hakunijibu. Deski nikabaki nalo peke yangu, na dirisha lote.

Mauaji hayo yalishika kasi kuanzia 2007 hivi, Kanda ya Ziwa. Magazeti ya nje yaliandika kana kwamba ni giza la kale la Afrika limefumuka. Mimi nasema giza la kale gani hilo ambalo bibi yangu hakuwahi kulisikia katika ujana wake? Deborah Bryceson na wenzake wawili, katika makala yao ya mwaka 2010, walisema kitu ambacho mtu yeyote wa machimboni akikisoma atatikisa kichwa kukubali: tazama soko. Kuna mchimbaji anayetaka bahati na kinga shimoni. Kuna mganga anayeuza dawa na anajua mteja wake ana hamu na hofu. Na kuna dhahabu yenyewe, inayonunuliwa na dunia nzima. Mwaka 2000 wakia moja ilikuwa kama dola 280. Machi 2008 ikagusa dola 1,000 kwa mara ya kwanza. Sisemi bei ndiyo iliua, maana hata wavuvi wa ziwani walitajwa, na dhahabu imepanda tena sana miaka hii bila mauaji kurudi kwa kiwango kile. Nasema tu kwamba aliyekaa akitafuta "imani potofu" peke yake hakuona kwamba imani ilikuwa imepata mnunuzi.

Na serikali ilifanya nini? Januari 2009 Waziri Mkuu Mizengo Pinda alifuta leseni za waganga wa jadi, na mwezi huo huo akalia bungeni. Machi 2009 Rais Kikwete akaanzisha kura za siri: wananchi waandike jina la wanayemshuku, watumbukize kwenye sanduku. Septemba 2009 Mahakama Kuu ikiwa Kahama iliwahukumu watu watatu kunyongwa kwa kumuua mvulana wa miaka 14 wa Bukombe, hukumu ya kwanza ya aina hiyo. Hiyo mahakama ilisikiliza ushahidi na ilifanya kazi yake, sina neno. Lakini lile sanduku la kura, wadau, mimi linanisumbua. Mganga wa ramli anafanyaje? Unakwenda na msiba wako, anakupa jina. Sanduku nalo linapokea majina, yaani ni ramli yenye muhuri wa serikali. Mwaka 2015 tukafika mahali pa kukamata waganga zaidi ya 200 kwa ile waliyoiita ramli chonganishi, wakati miaka sita nyuma tuliwaomba wananchi wenyewe wapige ramli.

Hapa kuna jambo lingine nalipitia haraka kwa sababu ni refu. Agosti 1996 wachimbaji wadogo waliondolewa Bulyanhulu kupisha mgodi mkubwa. Kuna madai kwamba zaidi ya 50 walifukiwa mashimoni. Serikali na kampuni walikana, na mwaka 2002 ofisi ya malalamiko ya Kundi la Benki ya Dunia ilisema haikuona msingi wa madai hayo, huku wanasheria wa LEAT wakiendelea kudai uchunguzi huru. Siwezi kuamua hapa. Ila nimeona kwamba vitabu vyetu vya uhalifu vimejaa mwizi wa ng'ombe na muua kikongwe, na hili la maelfu kuhamishwa kwenye ardhi yao limeachiwa wanasheria na wanasiasa. Kriminolojia ya kesho ikiogopa kuuliza nani anaamua kipi kiitwe kosa, itabaki kuwa karani wa polisi kama nilivyomtania mwenzangu.

Nilichokuwa natafuta nilikipata kwenye makala ya mchumi, si mwanakriminolojia. Edward Miguel, makala ya 2005, alifanya utafiti vijiji 67 vya Meatu, wakati huo ikiwa Shinyanga, sasa ni Simiyu. Aliweka mvua upande mmoja na mauaji upande wa pili. Mwaka wa ukame mkali au mafuriko, mauaji ya "wachawi" yalikuwa maradufu ya miaka mingine. Mauaji ya aina nyingine hayakupanda hivyo. Na wengi waliouawa ni wanawake wazee, na mara nyingi ndugu wenyewe wamo. Chakula kimepungua, mdomo mmoja unaonekana umezidi, na ghafla bibi anakuwa na macho mekundu. Macho yalikuwa mekundu tangu zamani. Mvua ndiyo iliyobadilika.

Yeye anapendekeza nini? Pensheni. Mzee akiwa na fedha ndogo ya uhakika kila mwezi, hata ndugu mwenye roho mbaya atataka aishi. Anataja kaskazini mwa Afrika Kusini, ambako mauaji kama haya yalipungua baada ya wazee kupanuliwa pensheni miaka ya 1990. Zanzibar wameanza 2016 kumpa kila mwenye miaka 70 na kuendelea, shilingi 20,000 kwa mwezi kwa kuanzia. Walifanya kwa ajili ya umaskini, hawakuwaza panga. Lakini fikiria, Kishapu, kuzuia mauaji kwa laini ya simu na elfu ishirini.

Na macho? Ni moshi. Shinyanga miti ilifyekwa tangu ukoloni kuua mbung'o, ng'ombe wakaongezeka, kuni zikaisha, akina mama wakapikia mavi makavu ya ng'ombe ndani ya jiko lisilo na dirisha, miaka 50. Mradi wa HASHI wa kurudisha miti na ngitili ulianza 1986. Sijui kama kuna aliyewahi kuuweka kwenye orodha ya kazi za kuzuia uhalifu. Mimi nauweka.

Mwenzangu wa chumba nilimsomea haya yote juzi usiku. Akaniuliza swali la kichokozi: "Kwa hiyo mwenye panga hana kosa, kosa ni la mvua?" Nikamwambia hapana, yule wa panga afungwe, na aliyemlipa afungwe. Lakini ukishamfunga, mvua ya mwaka kesho bado inakuja. Akasema hilo ndilo swali la mtihani wao wa mwaka jana, ningepata B. Asante sana.

Yule kijana wa kidato cha pili nimemwandikia barua kupitia mwalimu mwenyeji wangu. Si ndefu. Nimemwambia habari ya daktari wa Italia na masikio, habari ya daktari wa Uingereza aliyehesabu, na nimemwomba akirudi kwao achungulie jikoni kwa bibi yake wakati wa kupika, akae dakika kumi, halafu ajitazame kwenye kioo.

Bibi yangu sasa yuko kwa mjomba, Shinyanga mjini. Alihamishwa mwaka juzi baada ya majirani kuacha kuja kuchukua moto kwake. Familia haikusema kwa nini, na mimi sikuuliza. Kwenye bumu lililopita nilimnunulia jiko lisilotoa moshi. Jana nimempigia, mwangaluka mayu, mwangaluka, tukaongea mvua na kuku, nikamuuliza jiko. Akasema lipo zuri sana, kuku amelitagia mayai saba, na yeye hawezi kumfukuza mama wa watu.